Fundi, Mmoja, Hali Nzuri

Wiki moja kabla ya wakaguzi, Bwana Lyatuu alitugawia brashi.
Kijani juu ya kutu, kijani juu ya ukuta,
kijani mpaka kwenye ndoo ya mchanga wa moto.
Nusu ya Chang'ombe ikanuka tapentaini.

Usiku wa Jumanne likaletwa kerezo kutoka Gerezani,
la kuazima, la siku mbili,
kwa kuwa fomu inataka makerezo matatu
na sisi tunayo mawili, moja halizunguki.
Nililifunga bolti nne sakafuni kama mtu anayezika kitu.
Nikakumbuka alivyosema bibi kuhusu nguo ya kuazima
na kile isichokisitiri.
Nikanyamaza. Mshahara wa Juni ulikuwa bado.

Mimi ni Kondo Mwinyimvua, wa karakana.
Mwaka wa ishirini na tatu huu nakereza chuma.
Napitisha ukucha juu ya shafti, ukucha unaniambia
hapa imezidi unywele, hapa acha.
Cheti sina. Nilifunzwa na kelele
za kiwanda kimoja cha zana, Barabara ya Pugu,
ambacho sasa ni ghala la vigae.

Kwenye fomu walitafuta pa kuniweka.
Safu ya wakufunzi: shahada, chuo, mwaka.
Safu ya ofisi: simo.
Karani akauma kalamu, halafu akaniandika
chini ya Vifaa, baada ya grainda:
*Fundi, mmoja, hali nzuri.*
Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote,
na usiku nikalala chali, nikihesabu mabati.

Wakaja watatu, Alhamisi, saa nne.
Wawili walihesabu madirisha na vyoo.
Wa tatu, Mhandisi Kokuteta, alivua saa, akafunga nywele,
akaliendea kerezo la Gerezani, akainama.
"Simenti hii bado mbichi," akasema.
Bwana Lyatuu akaanza kuusifia mtaala.

"Nani atanikerezea pini? Milimita ishirini na tano.
Ukikosea, usizidi sehemu mbili za mia."

Akatoka Nyamizi, mwaka wa pili,
mtoto wa muuza mkaa wa Keko,
ovaroli imekunjwa mara tatu miguuni.
Jipya hakulitazama.
Alikwenda kwenye letu, lenye mkanda wa kuungaunga,
akalipiga kofi ubavuni kama unavyomwamsha punda,
likaamka.
Chuma kikatoa nywele za buluu, ndefu,
zikijisokota sakafuni bila kukatika,
na mimi, kifaa katika hali nzuri,
nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma.

Limebaki pito moja, umeme ukaenda.
Kerezo likazunguka kwa mazoea, likachoka.
Kila mtu akaitazama taa, isipokuwa yeye.
"Fundi," akaniita, "nizungushie."

Basi nikawa mota.
Nilishika kichwa cha kerezo kwa mikono miwili, nikazungusha,
naye akaweka tupa, kisha msasa, kisha msasa laini,
jasho langu likidondoka kwenye rangi mpya ya kijani.
Hatukusema neno. Mkono wake ulikuwa unasema *polepole*,
nami nikapunguza.

Mhandisi akaipeleka pini dirishani, akapima mara tatu.
Akauliza, "Nani kakufunza?"
Nyamizi akanionyesha kwa kidevu,
mikono ilijaa grisi.

Ithibati imefika juzi, ya mwaka mmoja, ina masharti.
La kwanza, kerezo la watu lirudi kwa wenyewe
(lilirudi usiku uleule).
La pili na la tatu ni vyoo.
La nne limeandikwa kwa kalamu, pembeni ya muhuri:
*Kifaa namba kumi na saba kihamishwe safu.*

Karani anauma kalamu tena.
Ile pini Mhandisi aliondoka nayo mfukoni.
Sijui leo imeshika nini.